Ndoo Yangu ya Maji ya Moto Imemponza Jirani

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Tanga. Nilihamia Mbeya mwezi wa pili mwaka huu baada ya kupata kazi ya kuuza katika duka la vipodozi maeneo ya Kabwe. Nimepanga chumba kimoja Ilomba, kwenye nyumba yenye wapangaji wanne na uani mmoja. Chumba cha mbele anakaa mama mjane na wajukuu wake wawili, anauza viazi na maparachichi sokoni. Anayefuata ni mwalimu na mkewe. Kisha kijana wa bajaji, kisha mimi mwisho kabisa, karibu na bafu. Mama mwenye nyumba anaishi Uyole, tunamwona mwisho wa mwezi tu.

Mji huu umenipokea vizuri, sina cha kulalamika. Niliposhuka kwenye basi sikujua mtu. Leo nikipita asubuhi kwenda kituoni nasalimiwa na watu wasionijua jina, na mama wa chumba cha mbele amenifundisha kusema "ugonile" na "ndaga", salamu na asante za Kinyakyusa. Mwezi wa tatu mvua ilinikuta Kabwe sina hata mwavuli, yule kijana wa bajaji akaniona, akanipakia mpaka mlangoni na nauli akakataa. Alisema, "Dada, sisi ni wa nyumba moja." Naomba ulikumbuke hilo, Mama, maana ndilo linaloniumiza.

Shida ilianza na baridi. Nilikuwa nimeambiwa Mbeya kuna baridi, nikanunua sweta mbili za mitumba pale Mwanjelwa nikaona nimejiandaa. Hakuna aliyeniambia habari za maji. Mwezi wa tano ulipofika katikati, nikafungua bomba alfajiri ili nitie udhu, maji yakanishika vidole mpaka nikatoa mkono haraka. Kuoga ndiyo usiseme. Nilikuwa nasimama bafuni na kata mkononi nahesabu moja, mbili, tatu, nafika kumi, naanza tena moja. Kwetu maji ya moto ni ya mgonjwa na mzazi. Mtu mzima mwenye afya akichemsha maji ya kuoga, watu humuuliza anaumwa nini. Kwa hiyo niliona aibu kuuliza majirani wenzangu wanaogaje.

Mwisho wa mwezi wa tano nikanunua hita ya kuchovya, ile ya koili, imeandikwa wati 1,000. Naamka saa kumi na nusu alfajiri wote wamelala, nachovya hita kwenye ndoo ya lita 20 ndani ya chumba changu, dakika 40 na kitu maji yako tayari. Usiku saa tatu narudia. Mama, sijui nieleze vipi raha ya ile ndoo. Naswali nikiwa nimetulia, naenda kazini mwili umechangamka, wateja nawachekea. Niliipenda Mbeya upya.

Sasa umeme. Tunatumia LUKU moja. Kila tarehe mosi kila chumba kinatoa 10,000, mwalimu ananunua kwa simu, anaingiza zile tarakimu 20 kwenye mita, tumemaliza. Ile 40,000 inatupa uniti 108 na inatufikisha mwisho wa mwezi. Mwezi wa nne ilitosha, wa tano ilitosha. Mwezi wa sita mita ilianza kulia tarehe 17, na usiku wa tarehe 18 giza.

Mwalimu akapiga picha ya mita akaituma kwenye kundi letu la wapangaji la WhatsApp. Hakuandika neno. Baadaye mama wa mbele akatuma sauti, akasema kuna mtu anatumaliza na ajirekebishe kabla hatujafika kwa mwenye nyumba. Mke wa mwalimu akaandika kwamba tuanze na wenye masabufa. Mwenye sabufa ni mmoja tu. Ikaamuliwa hapohapo kwenye simu kwamba kijana wa bajaji aongeze 5,000. Nilikuwa kitandani nasoma, hita iko chini ya kitanda bado ya moto. Nilitaka kuandika, nikaandika, nikafuta. Yeye akajibu "sawa" na akatoa hela.

Tangu siku hiyo hajawasha muziki. Jumapili alikuwa anaosha bajaji yake uani huku muziki unalia, wale wajukuu wawili wanacheza pembeni na matambara, hata bibi yao alikuwa anatikisa kichwa akimenya viazi. Sasa anaosha kimya. Asubuhi anapita ameinama, salamu ni ya mdomo tu. Uani kwetu kumepoa, kila mtu anajifungia kwake, na tukikutana kwenye kamba ya nguo tunaangalia nguo.

Ni wiki tatu sasa. Bado nachemsha maji, ila nachemsha nikiwa na hofu, naziba mlango chini kwa kanga ili taa isionekane. Nimefikiria niache kabisa maji ya moto na nisiseme kitu. Nimefikiria nihame, nimeona chumba Soweto chenye mita yake. Nimefikiria pia niseme, lakini nitasemaje baada ya kukaa kimya wiki tatu? Yule mama ananiita mwanangu. Nishauri, Mama.

Mtanga wa Ilomba


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mapema, nimejifunga shuka mbili na kikombe cha chai mkononi, mlima Loleza wote umemezwa na ukungu. Kwa hiyo niamini ninaposema nakuelewa. Na kabla ya lolote, ondoa ile aibu ya kuoga maji ya moto. Tanga iko usawa wa bahari. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu yake, na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6. Maana yake umepanda basi ukateremshwa nyuzi 10, kisha Juni na Julai zikaongeza zao, usiku tunashuka chini ya nyuzi 10 kabisa. Mwili wako hauna kosa lolote. Hata sisi wenyeji tunaoga maji ya moto. Ulipaswa kuuliza tu, ungeambiwa.

Nianze na kijana wa bajaji, kwa sababu yeye hawezi kungoja.

Nenda kwake leo. Usingoje kikao, usingoje mwisho wa mwezi, na kundi la WhatsApp liache kabisa. Chukua 5,000 mkononi. Mvizie anaporudi na bajaji jioni, kabla hajaingia ndani, umwambie ukiwa umesimama naye pale uani: "Kaka, ile hela uliyoongezewa mwezi uliopita ilikuwa yangu. Mimi ndiye ninayechemsha maji kwa hita asubuhi na usiku. Nilinyamaza kwa aibu na nimekukosea. Hela yako hii hapa, na Jumapili nitawaambia wote." Maneno hayo yanatosha. Usianze kumweleza baridi, udhu, wala desturi za Tanga, hayo utamweleza siku nyingine akikuuliza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Ila mtu aliyekupakia bure kwenye mvua akasema sisi ni wa nyumba moja, sioni akikufukuza.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mwaka 1994 nilikuwa nimepanga Sokomatola, wanawake sita uani, bomba moja na bili moja ya maji. Bili ikapanda mara mbili. Kati yetu alikuwapo dada mmoja aliyefua nguo za watu kwa malipo, na bila kuulizana tukaamua ni yeye. Hatukumfukuza. Tulimnunia tu. Akaanza kubeba maji ya kufulia kutoka mtoni, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na sisi tukamwangalia. Miezi miwili baadaye fundi alichimba karibu na ukuta akakuta bomba limepasuka chini ya ardhi. Dada yule alikuwa ameshahama, na siku anahama hakuna aliyetoka kumsindikiza. Sijawahi kumwona tena. Ningekuwa na pa kumpata ningekwenda leo hii, kwa hiyo wewe ambaye wako yuko mlango wa pili, nenda.

Haya, sasa tuje kwenye mita. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu za barua yako, na nimekuta jambo ambalo nadhani hukulitegemea.

Uniti moja ya umeme ndiyo inayoliwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Maji ya bomba alfajiri huku kwetu tuyaweke nyuzi 15, na ya kuoga vizuri nyuzi 45. Kupandisha lita 20 kwa nyuzi 30 kunakula kama uniti 0.7, na ndiyo maana hita yako inachukua zile dakika 40 na kitu. Uniti moja mnainunua kama shilingi 356 pamoja na kodi zake. Kwa hiyo ndoo yako moja ni kama shilingi 250. Ndoo mbili kwa siku ni 500. Kwa mwezi ni uniti 42, yaani karibu 15,000, wakati mchango wako ni 10,000. Hapo huna pa kukwepa: maji yako peke yake yamezidi mchango wako, na bado hujawasha taa wala kuchaji simu.

Sabufa je? Tuseme ni ya wati 60 na anaiwasha saa nne kwa siku, jambo ambalo kwa mtu anayeshinda barabarani silioni. Ni uniti 0.24, kama shilingi 85. Tena alikuwa anaiwasha mwezi wa nne na wa tano, na umeme ukatosha. Watu husikia muziki, kwa hiyo hudhani muziki ndio unaokula. Hita haina kelele.

Lakini endelea nami kidogo. Uniti 108 kwa siku 30 ni uniti 3.6 kwa siku, hayo ndiyo matumizi yenu ya kawaida. Juni zimeisha kwa siku 18, yaani uniti 6 kwa siku. Limeongezeka pengo la uniti 2.4 kila siku. Ndoo zako mbili ni 1.4. Uniti 1 nzima kila siku imekwenda wapi?

Nimeirudia hesabu hii mara mbili, inatoka vilevile. Haiwezi kuwa friji, maana friji kwenye baridi hula kidogo kuliko kwenye joto. Inaweza kuwa balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa nje Juni na kuachwa usiku kucha, kwa saa 10 hiyo ni uniti moja kamili, kwa hiyo kaangalie taa ya uani ni ya aina gani. Kama ni hizi za LED za wati 9, basi siyo. Kinachobaki ni kitu kilichoanza pamoja na baridi. Na huku Mbeya kitu kinachoanza pamoja na baridi ni maji ya moto.

Nina hakika kubwa kwamba uani kwenu kuna ndoo nyingine. Moja, labda moja na nusu. Kuna mwenzako naye anaamka kimya, au anajaza jagi la umeme mara tatu mfululizo, naye aliisikia ile sauti ya kundini akanyamaza kama ulivyonyamaza. Sitakisia ni chumba gani, na wewe nakuomba usikisie. Kuna watoto wawili wanaokwenda shule asubuhi, kuna mwalimu anayetoka alfajiri, kuna kijana anayekaa kwenye upepo wa bajaji mchana kutwa. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kutaka maji ya moto. Mkianza kukisia tena mtapata sabufa nyingine ya kuisingizia.

Hili jambo limenigusa kwa sababu nimelelewa Rungwe. Nyumbani kwetu maji ya kuoga yalikaa kwenye sufuria kubwa jikoni, moto wa kuni ukipika ndizi huku na maji huku, na kila mtu alichota kwa zamu yake kuanzia baba mpaka mgeni. Hakuna aliyejificha kuchemsha maji kwa sababu moto ulikuwa mmoja na wote tulikuwa tumeuzunguka. Kuni zikipungua uliona. Sasa moto uko ndani ya ukuta, kila mtu ana tundu lake la soketi, na kinachopungua ni tarakimu kwenye kisanduku ambacho mwalimu peke yake ndiye anayekisoma. Na mji wenyewe umejaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji hili, ya 2022 ikahesabu 541,603. Tunatoka Tanga, tunatoka Kyela, tunatoka Makete, tunawekwa uani pamoja na hakuna anayejua mwenzake kwao wanaogaje. Mama wa chumba cha mbele angejua kwamba kwenu maji ya moto ni ya mzazi, nadhani angekuletea birika yeye mwenyewe mwezi wa tano.

Basi, Jumapili jioni. Watu wametoka kanisani, wamekula, mama anamenya viazi. Usiwaite kwenye kikao rasmi, kaa naye umenye. Mkono ukiwa kwenye kazi maneno hutoka kwa urahisi. Mwambie yeye kwanza, kwa sababu anakuita mwanangu na kwa sababu sauti ile ilikuwa yake. Halafu mwombe awaite wengine palepale, yeye ndiye mkubwa wa uani na wito wake hauna uzito wa lawama. Sema ulichofanya, sema umeshamrudishia kaka hela yake. Usitaje ile uniti moja iliyobaki kana kwamba unamtafuta mwenzako wa kuanguka naye. Wewe toa karatasi tu uwaonyeshe ndoo moja inakula nini na kwa shilingi ngapi. Ukitaja shilingi 250 kwa sauti, nina matumaini mtu mwingine atakohoa kidogo na kusema, "Hata mimi asubuhi kwa ajili ya watoto..." Asiposema, usimsubiri wala usimtazame.

Kundi la WhatsApp libaki kwa kutangaza maji yamekatika na nani kaacha nguo kambani mvua inakuja. Hukumu zitolewe uani, mtu aonekane uso.

Kuhusu malipo, 10,000 kwa kila chumba si mgawo wa haki mwezi wa sita hata kama ulikuwa wa haki mwezi wa nne. Njia iliyo karibu zaidi ni hii: mchango ubaki uleule, na kila anayechemsha ndoo atie shilingi 250 kwenye kopo, mia mbili na hamsini yake, kopo likae kwa mama. Na ndoo yenyewe si lazima iwe lita 20. Kwa lita 12 mtu mzima anaoga akatakata, na hiyo ni kama shilingi 150. Usidanganyike na hadithi ya kuchemsha nusu ndoo mpaka itokote halafu kuongeza ya baridi, ukipata maji yaleyale ya joto lilelile umeme ni uleule. Unaookoa ni kupunguza maji.

Pia mwombeni mwalimu abandike karatasi na kalamu karibu na mita, namba iandikwe kila siku asubuhi na jioni, na kila mara aandike mtu mwingine. Hata wale wajukuu waandike, ni hesabu nzuri ya kutoa. Kuna jambo lingine la dakika tano: siku moja mzime kila kitu, mchomoe kila kitu, muangalie ile taa ndogo ya mita inayopepesa. Ikiendelea kupepesa na nyumba nzima imezimwa, umeme unavuja mahali na mnahitaji fundi.

Mkitaka suluhisho la kudumu, mwenye nyumba aruhusu kila chumba kifungiwe mita ndogo, hizi ambazo mafundi wanaziita sabumita. LUKU itabaki moja ila kila mmoja ataona alichokula. Afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, si mtu wa kuokota barabarani. Bora zaidi ni kila chumba kuwa na LUKU yake, kwa sababu wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wana bei yao, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na ninyi wanne kwenye mita moja mnaipoteza bei hiyo wakati kila chumba kivyake hakifiki uniti 30 kwa matumizi ya kawaida. Hilo ni la mwenye nyumba na lina gharama. Mwelezeni tu, msimlazimishe.

Nikiwa hapo kwa mwenye nyumba: 40,000 inawapa uniti 108 kwa sababu shilingi 1,500 inakatwa kwanza kila mwezi. Hiyo ni kodi ya jengo, na mdaiwa wake ni mwenye jengo. Mwambieni kwa adabu mwisho wa mwezi akija, aipunguze kwenye kodi ya pango. Wengi hukubali wakionyeshwa risiti.

Uliniuliza kuhusu kuhama. Soweto ni pazuri na mita yako mwenyewe ni neema, ukitaka kwenda mwakani nenda. Usiende mwezi huu. Ukihama sasa yule kijana atabaki Ilomba na jina la mla umeme, na watakapoona uniti zimeanza kutosha watasema amejirekebisha. Na maji ya moto usiyaache. Sitaki uanze tena kusimama bafuni unahesabu mpaka kumi.

Nikupe la mwisho, na hili lisome mara mbili. Hita ya koili inaua. Weka ndoo na maji kwanza, chovya hita, ndipo uwashe soketi, na kabla hujagusa maji hata kwa kidole, zima na uchomoe kabisa. Tumia ndoo ya plastiki, kamwe isiwe ya bati, na koili isiguse ukingo wala kitako chake maana itayeyuka. Usilale inawaka, na alfajiri saa kumi na nusu usingizi ni mzito, kwa hiyo kaa kitini. Usiiweke chini ya kitanda ingali ya moto, nilishtuka niliposoma hilo! Na ile kanga unayozibia mlango chini itoe usiku huuhuu. Kama kuna jirani anaogopa gharama za umeme akaamua kuingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto, mzuieni kwa nguvu zote. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala na haamki. Wajukuu wawili katika chumba cha mbele wananifanya niliandike hili hata kama hukuniuliza.

Niandikie Julai ikiisha. Nataka kujua mita imesoma ngapi, na kama Jumapili muziki umerudi uani.

Mama wa Ushauri